Shajara ya mradi: baiskeli mbili, mashamba 27, vipimo vilevile

Kazi ya mradi ni kufika kwa baiskeli kwenye mashamba yanayolisha watu wa jirani yake, kupima udongo kwa vipimo vilevile kila mahali, na kuandika safari ya chakula kutoka shambani mpaka chunguni. Waendeshaji ni wawili, kila mmoja na baiskeli yake. Tunaandika kwa ajili ya atakayetaka kufanya kazi kama hii, kwa hiyo kila kilichoharibika kimeandikwa pamoja na sababu yake. Majina ya wakulima na mahali mashamba yalipo hayamo humu. Sababu iko kwenye juma la 6.

Majuma ya 1 na 2: baiskeli

Fremu ni za chuma, kwa kuwa fremu ya chuma ikipasuka fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea anaweza kuiunga, na ya alumini haiungiki kirahisi. Rimu za inchi 26, tairi za upana wa milimita 50, spoku 36 kwenye gurudumu la nyuma. Gia ndogo kabisa ni meno 22 mbele na 34 nyuma. Kwa tairi hizi, pedali ikizunguka mara moja baiskeli inasogea mita 1.33, ukikanyaga mara 60 kwa dakika unakwenda chini kidogo ya kilomita 5 kwa saa. Chini ya mwendo huo baiskeli yenye mzigo inayumba, na kushuka kuisukuma hakuchoshi kama kukanyaga. Gia ndogo kuliko hiyo haina faida, tumeacha kuitafuta.

Mzigo wa kwanza ulikuwa kilo 33 kwa baiskeli moja, wote nyuma. Kwenye mteremko mkia ulitikisika mpaka usukani ukacheza. Tulipunguza hadi kilo 24, kilo 10 zikakaa mbele kwenye keria ya chini, usawa wa ekseli, na 14 nyuma. Kutikisika kukaisha siku hiyohiyo. Kilichopunguzwa ni nguo, sufuria ya pili, na vitabu. Vifaa vya kupimia, kilo 4 na ushee, havikuguswa, maana bila hivyo hii ni safari tu.

Boliti za keria zinalegea kwenye barabara ya changarawe hata zikikazwa vipi. Tuliweka gundi ya nyuzi za boliti, ile inayofunguka kwa spana ya kawaida, na kila jioni mkono unapita kwenye boliti zote kabla ya kulala. Boliti iliyolegea kidogo ni kazi ya sekunde kumi. Iliyokatikia ndani ya fremu ni kazi ya siku nzima, na lazima upate mwenye mashine ya kutobolea.

Cheni tunaipima kwa rula ya chuma. Pini hadi pini, pingili 12 kamili (ya ndani na ya nje zikihesabiwa moja) zina milimita 304.8 zikiwa mpya. Zikifika 306.4 tunaanza kutafuta cheni nyingine, zikifika 307 tunabadilisha. Ukingoja zaidi, cheni iliyorefuka inakula meno ya nyuma, na cheni mpya itaruka juu ya meno hayo ukipanda mlima.

Juma la 3: ratiba imevunjika

Mpango ulikuwa kilomita 80 kwa siku, siku tano kwa juma, na kupita shamba moja kila jioni. Mpango huu haufai, na tunamwomba anayepanga safari kama hii aufute mapema. Anayefika shambani saa kumi na moja jioni anamkuta mkulima amechoka, jua linazama, na kazi ya kupima inahitaji saa nne za mchana. Juma lote tulipata mashamba mawili, na la pili halina kipimo hata kimoja kinachoaminika.

Ratiba mpya: siku tatu za barabara, kilomita 50 hadi 55 kila siku, siku tatu za mashamba, siku moja ya kuosha, kukarabati na kuandika. Inatoa mashamba matatu kwa juma na kilomita kama 150. Tunafika siku moja kabla ya kupima, tunasalimia, tunaeleza kazi na kuomba ruhusa. Asubuhi ya pili ndipo vifaa vinatoka.

Juma la 4: spoku na kamba

Spoku mbili zimekatika gurudumu la nyuma, zote upande wa kulia, kwenye kiwiko, pale spoku inapopinda kuingia kwenye habu. Haikuwa bahati mbaya. Upande wa kulia ndiko meno yalipo. Habu inasogezwa ili kuyapa nafasi, na spoku za upande huo zinavutwa kwa nguvu zaidi kuliko za kushoto. Mzigo wote ulipokuwa nyuma majuma ya mwanzo, zilichoka. Ili kuzibadilisha lazima meno yatoke kwanza, kwa hiyo kifaa cha kutolea meno ni cha lazima hata kama kina uzito. Spoku za kulia huwa fupi kidogo kuliko za kushoto, kwa kawaida milimita 1 au 2. Funga za akiba kwa mafungu mawili na uandike kila fungu ni la upande gani, maana gizani hutazitofautisha. Baada ya kubadilisha tulizungusha gurudumu, tukashika kipande cha kijiti karibu na rimu na kukaza robo mzunguko kwa mara, si zaidi. Anayekaza nusu mzunguko anaondoa yumbo moja na kutengeneza jingine.

Kuhusu kupima eneo la shamba: tulianza kwa kutumia gurudumu lenyewe. Unafunga kitambaa chekundu kwenye spoku, unasukuma baiskeli kando ya shamba na kuhesabu mizunguko. Inafanya kazi, ila kipimo cha mzunguko usikichukue kwenye jedwali. Sukuma mizunguko kumi kwenye sakafu, pima kwa tepu, gawa kwa kumi. Tairi ikipungua upepo, mzunguko unafupika. Kosa la asilimia 1 kwenye urefu ni asilimia 2 kwenye eneo.

Njia hii tumeiacha, na si kwa sababu ya hesabu. Tairi inayozunguka shamba zima inabeba udongo wa shamba hilo kwenda shamba la pili. Sasa baiskeli haivuki ukingo wa shamba. Tunatumia kamba ya mita 50 yenye fundo kila mita 5. Ya kwanza ilikuwa nailoni. Ikilowa inarefuka, na asubuhi yenye umande ilituongezea karibu mita nzima. Tukabadilisha tukachukua ya poliesta, ambayo haijali umande, na kila juma tunailinganisha na tepu ya chuma.

Juma la 5: vipimo vya udongo, hatua kwa hatua

Hapa ndipo penye uzito wa mradi, kwa hiyo tunaeleza kwa kirefu. Vipimo ni vitano, havihitaji maabara, na vyote vinaingia kwenye mfuko mmoja.

Cha kwanza ni kasi ya udongo kunywa maji. Tunatumia pete ya bomba la chuma, kipenyo sentimita 15, urefu sentimita 13, ukingo wa chini umenolewa kwa nje. Ondoa majani makavu bila kukwangua udongo. Weka kipande cha mbao juu ya pete na uipige kwa nyundo taratibu hadi izame sentimita 7 hadi 8. Gandamiza udongo wa ndani kwa vidole pale ulipoachana na chuma. Tandaza karatasi ya nailoni ndani ya pete, mimina mililita 440 za maji juu yake, kisha vuta karatasi polepole na uanze kuhesabu muda. Maji hayo ni sawa na mvua ya milimita 25 kwa pete ya ukubwa huu. Simamisha saa pale uso wa udongo unapobaki unang'aa tu, hakuna dimbwi. Rudia palepale mara ya pili. Muda unaoandikwa ni wa mara ya pili, kwa kuwa mara ya kwanza udongo mkavu unanyonya kwa pupa na kukudanganya.

Ukimimina bila karatasi, maji yanachimba udongo, chembe laini zinaziba matundu, na shamba zuri linaonekana baya. Pete ikiangukia kwenye ufa, maji yanatoroka na shamba baya linaonekana zuri. Tunapiga pete sehemu tatu: katikati ya mistari, chini ya matandazo kama yapo, na kwenye njia ya miguu. Ile ya njiani ndiyo rula yetu. Udongo ni uleule, mvua ni ileile, tofauti ni miguu na jua. Kwenye shamba moja la mteremko, chini ya matandazo maji yaliisha kwa dakika 4. Njiani, hatua sita tu kutoka pale, tulikunja mkeka baada ya dakika 40 na dimbwi bado lipo. Mwenye shamba alisimama akitazama yale maji yasiyoshuka, akaenda kuleta majani makavu kuyaweka njiani kabla hatujafunga mizigo.

Cha pili ni udongo kushikamana ndani ya maji. Chukua vibonge vitano vya ukubwa wa punje ya hindi, viweke kwenye kichujio cha waya, zamisha kwenye kikombe cha maji safi, tazama kwa dakika 5. Udongo wenye mboji na mizizi unabaki kibonge. Uliochoka unamomonyoka kuwa uji. Kinachoharibu kipimo hiki ni unyevu. Kibonge kinavunjwa na hewa iliyonaswa ndani yake inaposukumwa na maji yanayoingia. Kibonge kibichi hakina hewa hiyo, kwa hiyo hata udongo mbovu utafaulu. Lazima kikauke kabisa, na hilo linachukua siku moja au mbili kwenye bati lililo wazi. Vibonge vilivyokaushwa tunavipima siku ya kuandika, na jibu tunampelekea mkulima kwa ujumbe wa simu.

Cha tatu ni aina ya udongo. Tulianza na njia ya chupa: theluthi moja udongo, maji, kijiko cha sabuni ya unga, tikisa, acha itulie, mchanga unashuka ndani ya dakika moja, tope laini ndani ya saa chache, mfinyanzi unahitaji siku nzima au zaidi. Kwa baiskeli njia hii ni shida, maana chupa haitulii safarini na matabaka yanachanganyika. Tunaitumia tu pale tunapolala usiku mbili. Kwingine tunatumia utepe: lowesha udongo hadi uwe kama unga wa maandazi, ukande, usukume kati ya kidole gumba na cha shahada utoke utepe mwembamba. Ukikatika kabla ya sentimita 2.5, mfinyanzi ni kidogo. Kati ya 2.5 na 5 ni wa wastani. Ukipita 5 ni mfinyanzi mzito. Vidole vinahitaji mazoezi. Majibu ya waendeshaji wawili yakitofautiana tunarudia.

Cha nne ni nyungunyungu. Shimo la sentimita 20 kwa 20 kwa 20, udongo unawekwa juu ya turubai na kupekuliwa kwa mkono, idadi inazidishwa kwa 25 kupata kwa mita ya mraba. Fanya asubuhi, udongo ukiwa na unyevu. Mchana wa kiangazi wanashuka chini na utaandika sifuri ya uongo. Cha tano ni asidi kwa karatasi za rangi, ambacho ni cha haraka na hakina siri, ila maji yawe yale yasiyo na chumvi. Maji ya kisima yanaweza kubadilisha rangi kabla udongo haujasema neno.

Juma la 6: kunawa, na siri za watu

Baiskeli inayotembea shamba hadi shamba ni njia nzuri sana ya kusambaza magonjwa. Mnyauko fuzari wa migomba, aina ya TR4, uliripotiwa Msumbiji mwaka 2013, na mbegu za kuvu hilo hukaa udongoni miaka mingi bila mgomba wowote. Udongo unaotosha kuleta hasara hiyo unaenea kwenye upindo wa soli.

Utaratibu wetu sasa: baiskeli inabaki barabarani. Shambani tunaingia na mabuti ya mpira yenye soli isiyo na mifereji mingi. Jembe tunaazima la mwenye shamba. Tukitoka, kijiti kwanza kinaondoa udongo, kisha brashi, kisha maji na sabuni, kisha kukausha, na dawa ya kuua vijidudu ndiyo ya mwisho. Mpangilio huo si wa kupinduliwa. Mwanzoni tulichovya mabuti yenye tope moja kwa moja kwenye maji ya klorini, tukidhani tumemaliza. Udongo na majani huimaliza nguvu klorini, na ndoo ikawa ya kuonyesha tu. Pete, kamba na turubai vinapita njia hiyohiyo. Na kama kuna shamba lenye dalili za ugonjwa, linakuwa la mwisho katika juma, halafu siku ya kuosha inafuata.

Mbegu hatubebi. Wakulima ni wakarimu na karibu kila shamba tulipewa kiganja cha mbegu za asili tuondoke nazo. Tunashukuru, tunapiga picha, tunaandika jina la mbegu kwa lugha ya pale na sifa zake, na tunaziacha. Kuvusha mbegu mpaka wa nchi bila cheti cha afya ya mimea ni kosa, na hata ndani ya nchi moja mbegu inaweza kubeba virusi au wadudu.

Viwianishi vya ramani tunaviandika kwenye daftari la ndani tu. Shamba lenye mbegu adimu, mzinga mzuri au chemchemi halipaswi kuonekana na kila mtu mwenye simu. Ruhusa ya kupima na ruhusa ya kutangaza ni vitu viwili, tunaviomba kimoja kimoja.

Juma la 7: maswali

Fomu ya kwanza ilikuwa na swali "Je, mnalima kwa njia endelevu?" Kila mtu alijibu ndiyo. Limefutwa. Mahali pake pamewekwa: "Katika mwaka wa mvua mbaya kuliko yote mnayoikumbuka, mlikula nini, na kilitoka wapi?" Jibu la swali hili lina mizizi ya porini, majani yanayovumilia ukame, ghala lililobaki na nani alimkopesha nani. Chakula cha asili cha mahali kinaonekana humo kuliko kwenye swali la "chakula chenu cha asili ni kipi", ambalo humfanya mtu akutajie cha sherehe.

Majina ya mbinu nayo yanatupoteza. Watu wawili wakisema "mashimo", mmoja anaweza kuwa na zai kama za Yatenga, Burkina Faso, yaani shimo la upana wa sentimita 20 hadi 40 na kina cha 10 hadi 20, linalochimbwa kiangazi na kuwekwa samadi kabla ya mvua. Mwingine ana shimo tu. Shimo lisilo na samadi linakusanya maji juu ya udongo uleule uliochoka. Vivyo hivyo kwa kilimo shadidi cha mpunga, kilichoanzia Madagaska miaka ya 1980 kwa kazi ya padri Henri de Laulanié: kiini chake ni mche mchanga wa siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, nafasi ya sentimita 25 au zaidi, na maji yanayoachwa yakauke kisha kurudishwa. Anayepanda miche ya mwezi mzima kwa mafungu matatu hata kama ameipanga kwa mistari hafanyi jambo lile. Na mbinu ya kusukuma na kuvuta wadudu iliyoanzia Kenya, mmea wa desmodiamu katikati ya mahindi na majani ya tembo pembezoni, haikamiliki ukikosa desmodiamu, maana mizizi yake ndiyo inayodhibiti gugu la kiduha.

Kwa hiyo fomu haina tena nafasi ya jina la mbinu. Ina kina, upana, nafasi, umri wa mche, kiasi cha samadi na mwezi. Vipimo vya mavuno pia vimebadilika: gunia, debe na kopo si sawa kokote. Tunaning'iniza mizani, tunapima ujazo mara tano na kuchukua wastani, kwa kopo la mkulima mwenyewe.

Juma la 8: jikoni

Mafuta ya jiko ndiyo gharama tuliyoikosea. Maharage makavu yalimaliza lita nzima kwa siku nne. Sasa yanalowekwa usiku kwa muda wa saa 8 hadi 12, maji yale yanamwagwa, na asubuhi yanachemshwa. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali tu: dakika 10 za kuchemka kwelikweli, si kufukuta. Yakipikwa kwa moto mdogo yasifike mchemko, yanaweza kudhuru kuliko hata mabichi. Baada ya mchemko huo sufuria inafungwa kwenye blanketi ndani ya kapu na kuachwa kwa muda wa saa nne; moto haurudishwi ila kupasha.

Nyanda za juu ziliharibu hesabu hii. Kiwango cha kuchemka kinashuka kama digrii moja kwa kila mita 300. Kwenye mita 2,400 maji yanachemka karibu digrii 92. Maharage yalikaa kwenye kapu nusu siku na bado yaligonga meno. Juu huko tunachemsha dakika 30 kabla ya kufunga, au tunahamia dengu na choroko, ambazo hazihitaji vita. Magadi hulainisha haraka lakini hupunguza vitamini B1, kwa hiyo ncha ya kijiko tu, pale maji ni magumu.

Maji ya kunywa: kuchemsha dakika 1, na dakika 3 juu ya mita 2,000. Siku za jua kali tunalaza chupa angavu za plastiki juani kwa muda wa saa 6, maji yakiwa yamechujwa. Maji yenye tope hayaponi kwa jua. Kwa kuhara tunabeba sukari na chumvi: vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta, kwa lita moja ya maji salama. Chumvi ikizidi ni hatari, ndiyo maana kijiko cha kupimia kimefungwa kwenye kopo lenyewe.

Juma la 9 na la 10: ghala na mboji

Mashamba mengi yanapoteza chakula hata baada ya kuvuna, na swali la ghala lilichelewa kuingia kwenye fomu. Tunapima ukavu wa nafaka kwa chumvi. Kausha chumvi kwanza kwenye kikaango. Jaza nafaka theluthi ya chupa kavu, weka vijiko vitatu vya chumvi, funga, tikisa dakika moja, subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, unyevu uko juu ya asilimia 15 na nafaka irudi juani. Isipoganda, maana yake ni chini ya 15 tu. Mahindi ya kuhifadhi muda mrefu yanatakiwa yashuke kwenye 13, kwa hiyo tunashauri siku moja zaidi ya jua. Mifuko isiyopitisha hewa inaua wadudu kwa kuwanyima oksijeni, lakini haikaushi. Nafaka mbichi ikifungwa humo inavunda, na kuvu wa sumukuvu anapata nafasi pale mfuko unapotoboka.

Mboji tunaitazama kwa pua na mkono. Harufu kali ya mkojo: majani mabichi na samadi vimezidi, ongeza makavu. Harufu ya mayai viza: maji yamezidi, geuza. Baridi na vumbi: haina maji. Ukikamua konzi yatoke matone machache. Katikati ya lundo lichangamke hadi digrii 55 au zaidi ndipo mbegu za magugu na vijidudu vife. Fimbo ya chuma ikizamishwa dakika kumi ikatoka isiyoshikika kwa raha, lundo linafanya kazi.

Shamba moja maharage yalikuwa yamejikunja majani kama vikombe, kwenye kitalu chenye mboji peke yake. Samadi ilinunuliwa kutoka kwa mfugaji aliyelisha nyasi zilizopuliziwa kiuagugu. Vipo viuagugu, aminopiralidi ni kimojawapo, vinavyopita tumboni mwa ng'ombe na kwenye joto la lundo bila kuvunjika. Kipimo ni cha mbegu: makopo matatu ya mboji na udongo nusu kwa nusu, matatu ya udongo mtupu, mbegu tatu za maharage kila kopo, majuma matatu. Sisi hatukai majuma matatu, kwa hiyo mkulima anapanda, anatuma picha. Tangu hapo, swali "samadi imetoka wapi na ng'ombe alikula nini" linaulizwa kila mahali.

Juma la 11: umeme, na hali ilivyo

Dainamo ya kwenye habu inatoa wati 3 kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa. Chini ya kilomita 12 simu haichaji. Siku ya mlima ni siku isiyo na umeme, na fomu za siku hiyo ziwe za karatasi.

Kilomita ni 1,340, mashamba 27. Vipimo vya pete vya mashamba saba vimewekewa alama ya kuulizia, kwa kuwa mvua ilinyesha usiku kabla ya kupima. Udongo uliojaa maji haulinganishwi na mkavu. Yatarudiwa kiangazi, angalau siku mbili baada ya mvua ya mwisho. Ukingo wa pete ya kwanza umepinda kwa mawe, na hiyo ya pili inakatwa kwenye bomba nene zaidi, kipenyo kilekile cha sentimita 15, ili namba za nyuma ziendelee kulingana na za mbele. Cheni zimefika 306.6.